Pudre ya Safari

Binti wa kaka yangu anajiandaa kuhamia ng'ambo, na juzi alinipigia simu kuniuliza jambo moja tu: amfanyeje paka wake. Hakuuliza habari za baridi wala za kazi. Nilimcheka kidogo, kisha nikaketi, maana uchovu wa zamani ulinirudia magotini kana kwamba nimetoka kusimama foleni asubuhi ile ile. Nilimwambia nitamwandikia. Mambo haya hayaelezeki kwa simu. Yanataka subira, na mtu mwenye haraka hafai kumshika paka.

Basi mwanangu, soma taratibu. Na usiogope, linawezekana. Mimi nililiweza nikiwa nimechoka kuliko wewe.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mjini Lubumbashi, katika miaka ile ya Zaire. Bomba la kiwanda cha shaba lilikuwa bado linatoa moshi uliotuonyesha upepo unakwenda wapi, na sote tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, kwa amri, hata unaponunua chumvi. Niliishi katika mtaa uitwao Kenya, ndani ya lupango, yaani kiwanja chenye ukuta, nyumba mbili na bomba moja la maji. Nyumba moja nilikaa na mama yangu, ambaye ni bibi yako. Ya pili ilikuwa ya jirani yetu, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki kutoka kaskazini mwa Katanga. Sauti yake ilisikika hadi sokoni, na moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko sauti. Sisi tulikuwa Waislamu, asili yetu Maniema. Yeye alifunga Kwaresima, sisi tulifunga Ramadhani, na bomba la maji halikujua tofauti.

Mume wangu alikuwa Ubelgiji. Alipelekwa huko kujifunza mitambo kwa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka, ukazaa mwingine, kisha akapata kazi huko huko. Hatukuwa na mtoto. Wiki moja kabla ya kuondoka, alirudi kutoka kiwandani akiwa ameshika kofia yake ya kazi, ile ngumu, kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa paka, jike, rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha. Alisema, "Huyu atakuchungia panya mpaka nirudi." Alicheka sana siku hiyo, maana paka alikuwa ameikojolea kofia.

Hakurudi. Alituma kaseti. Wakati ule watu walirekodi sauti zao wakampa mtu anayesafiri, nasi tukasikiliza tukiwa tumeizunguka redio kama moto. Kila kaseti mpya sauti yake ilikuwa imesogea mbali kidogo. Herufi ya r ilianza kumkwaruza kooni. Alicheka mahali ambapo mimi sikuona kichekesho. Katika kaseti ya mwisho alisema tiketi iko tayari, akaeleza nitabadilisha ndege Kinshasa, akaeleza habari za koti. Halafu, kama mtu aliyekumbuka taa aliyoiacha inawaka, akasema, "Na paka, umuache. Huku bapaka iko mingi."

Nilirudisha kaseti nyuma nikasikiliza tena. Mama alikuwa anachambua mboga za sombe. Hakuinua uso.

"Utamuacha?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Unajua. Sema."

Nikasema hapana, simwachi. Nami nataka uelewe kwa nini, maana bila hilo yote yanayofuata utayaona upuuzi. Sikuogopa baridi. Niliogopa kubisha mlango nikafunguliwa na mtu nisiyemjua mwenye uso wa mume wangu. Huko kila kitu kingekuwa kipya, sahani, lugha, hata yeye, na mimi mwenyewe ningekuwa mpya kwa watu wote. Nilitaka kiumbe kimoja kilicholala miguuni pangu miaka yote ile kiingie mlangoni pamoja nami. Tena, nyumba yetu ilikuwa inapewa mwalimu mwingine, na Mama alikuwa anakwenda Kambove kukaa na baba yako. Mama yako, utanisamehe, aliamini kwamba paka wa rangi ya majivu ni wa mulozi, na mchawi hakaribishwi nyumbani. Paka aliyeachwa barabarani katika mtaa wetu hakuwa na umri mrefu.

Mama aliendelea kuchambua majani. "Kila muntu anayesafiri anabeba kintu kimoja cha bure," alisema. "Chako njo hii. Basi tukibebe vizuri."

Kitu cha kwanza ni sanduku. Siku hizi mnanunua la plastiki. Sisi tulikuwa na fundi wa mbao, njia ya kwenda sokoni, aliyetengeneza viti, vitanda na majeneza. Nilimweleza: shubiri tatu kwa mbili, matundu pembeni, mlango wa wavu wa kuku mbele. Akanitazama kwa huruma.

"Pole, mama mwalimu. Mutoto wa nani?"

"Haiko ya mutoto. Ni ya paka."

"Paka alikufa?"

"Hakufa. Iko naenda Bulaya."

Fundi akaweka msumeno chini akawaita wenzake wa gereji ya jirani. "Mukuye musikie! Mimi na ufundi yangu yote, hata Likasi sijafika. Paka ya mwalimu iko naenda Bulaya!"

"Utafanya ao hautafanya?"

"Nitafanya! Na nitamuwekea ka dirisha juu, aone mawingu."

Akaliweka kweli. Lilikuwa sanduku zuri, lenye harufu ya mbao mbichi, na ndiyo harufu iliyomfanya paka apandishe manyoya nilipolileta nyumbani. Akakaa juu ya ukuta hadi jioni.

Jirani yetu aliliangalia, mikono kiunoni. "Bamama bengine babeba mutoto mumugongo," akasema, "wewe utabeba paka mukisanduku."

Alisema kwa mzaha, na kwake mzaha ulikuwa namna ya kupendana. Lakini kuna siku mzaha unamkuta mtu hana ngozi. Niliingia ndani nikajifanya natafuta nyundo.

Kitu cha pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo inatakiwa ipigwe mapema, mwezi na zaidi kabla ya safari. Usiiache mwisho. Ofisi ya daktari wa mifugo ilikuwa mjini. Mara ya kwanza niliikuta imefungwa, watumishi wako salongo, kazi ya lazima ya kufyeka barabara. Mara nyingine mwenye muhuri alikuwa amekwenda kucheza ngoma za chama, kumpokea mgeni fulani. Mara nyingine tena mwenye muhuri alikuwepo, daktari hayupo. Kila mara nilitoka shuleni saa sita, chaki bado iko vidoleni, nikatembea hadi mjini na paka ndani ya kitunga amefunikwa na kitenge, akilia kila gari likipiga honi. Kila mara nilirudi naye jioni, na watu wale wale wakaniuliza swali lile lile.

Nilipompata daktari, alikuwa mtu mwembamba mwenye suti ya abakosti iliyofifia kwenye kola.

"Citoyenne, chanjo iko kwa duka la dawa," alisema. "Frigo njo haiko. Courant inakatika. Ulete chanjo ndani ya barafu, saa ile ile, na paka pamoja."

Basi, kwa kuwa ofisi haikuwa na friji wala umeme wa kuaminika, siku iliyofuata niliomba barafu kwa wauza samaki, nikaiweka katika chupa ya chai, nikaenda nayo kwenye duka la dawa, kisha kwa daktari, paka mkono huu, chupa mkono ule. Njiani nilipita mbele ya zahanati. Akina mama walikuwa wamekaa chini ukutani na watoto wao, wanangojea. Daktari naye alikuwa ameipita njia ile ile, maana alipokuwa anavuta dawa kwenye sindano alisema polepole, "Hapo inje bamama banangojea chanjo ya batoto. Wewe umekuja na ya paka."

"Ni kweli, docteur," nilisema. 

Alimtazama paka, akamgusa lile sikio lililokatika kwa kidole. "Paka haina na kosa," akasema, akamchoma sindano kwa upole hata hakulia. Kisha akagonga muhuri, na nikaona mkono wake ulikuwa umechoka kama wangu.

Sasa nije kwenye kitu cha tatu, ambacho ndicho kikubwa, na alinifundisha Mama. Baba yetu alikuwa mtu wa migodi. Alihamishwa kutoka mgodi hadi mgodi, na kila alipohamishwa lori lilikuja kubeba familia, vitanda, kuku na paka. Wanawake wa kambi za wafanyakazi walikuwa na njia yao. Walisema paka hafuati watu, anafuata jiko. Ukitaka ahame, hamisha harufu ya jiko naye atahama. Kwa hiyo hawakuosha kitu chochote ambacho paka angesafiri nacho. Kile kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, kilichojaa moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, unga wa bukari, yaani ugali, na mafuta ya dagaa wa ndakala, ndicho kilichokuwa kitanda chake.

"Usikisukule," Mama aliniambia, yaani nisikifue. "Hata kikinuka. Kikinuka njo vizuri."

Tuliliweka sanduku jikoni, mlango wazi, kitambaa ndani, tukaacha. Hatukumwambia paka neno. Siku kadhaa alilizunguka kwa mbali. Kisha akalinusa. Mama akaanza kumwekea vichwa vya ndakala mlangoni, kesho yake ndani kidogo, kesho yake ndani zaidi. Mimi niliifahamu kazi hiyo. Ndivyo nilivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza kushika kalamu: huanzi na herufi, unaanzia kwenye kuiacha kalamu mezani mpaka mtoto mwenyewe aitake. Paka akaanza kulala humo mchana. Nikafunga mlango kwa pumzi moja, nikafungua. Nikafunga kwa muda wa kunywa chai. Nikalinyanyua, nikaliweka chini. Nikatembea nalo hadi bombani, hadi kwenye lango, hadi njia kuu yenye kelele, na alipolia nilirudi kwenye hatua aliyoiweza jana. Usione haya kurudi nyuma. Kurudi nyuma ni sehemu ya kazi.

Jioni Mama aliposonga bukari, mwishoni alikwangua ukoko wa sufuria kwa mwiko, *krr, krr*, ndipo paka alipotoka popote alipokuwa. Ukoko ulikuwa wake. Hiyo ilikuwa desturi yao wawili tangu alipokuwa mdogo. Mimi niliita kwa mdomo nikabembeleza, hakuja. Mama alikwangua, akaja.

Usiku wa kuamkia safari nililala vibaya, asubuhi nikaamka vibaya. Ndege ilikuwa ya mchana. Masanduku yangu yalikuwa mlangoni, sanduku la paka barazani, paka ndani yake kwa hiari yake, amejikunja juu ya kitambaa. Nilifurahi kumwona hivyo. Nikaenda shuleni kurudisha funguo za darasa na kuaga. Mama naye akaenda msikitini kutoa sadaka ndogo ya kuniombea njia. Paka tulimwachia jirani amtazame.

Niliporudi nilimkuta Mama amesimama langoni, haendi mbele, harudi nyuma. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na kitambaa cha sufuria, kimefuliwa, cheupe kuliko nilivyowahi kukiona, kinadondosha maji. Sanduku lilikuwa juani limesuguliwa kwa sabuni mpaka ndani. Na jirani yetu alikuwa ameketi kwenye kigoda, amemshika paka kwenye mapaja, paka amelowa, macho yamemtoka.

"Ona ginsi iko muzuri!" alisema kwa furaha. "Nilimunawisha na sabuni ya harufu. Ile kisanduku ilikuwa inanuka ndakala na moshi, weee! Bazungu batasema siye bantu ya Lubumbashi hatunawaka!"

Kabla sijafungua mdomo, alichukua bwate la pudre, yaani kopo la poda, lililokuwa karibu na mguu wake, akasimama, akanimwagia kichwani.

Huko mliko huenda desturi hii imepungua, kwa hiyo nieleze. Mwanamke akitoka hospitali na mtoto mchanga, wanawake wa mtaa humpokea kwa vigelegele na kummwagia pudre, ile nyeupe ya watoto, kichwani, shingoni, kifuani, mpaka anakuwa kama ametoka kwenye gunia la unga. Ndiyo furaha. Anayefaulu mtihani mkubwa naye humwagiwa. Katika miaka yangu yote ya ndoa nilikuwa nimewamwagia wengine. Mimi sikuwahi kumwagiwa.

"Hii bwate," jirani alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka, "nilikuwekea siku utazala. Iko mukabati tangu bwana yako anaenda. Sasa wewe pia unaenda. Nitangojea mpaka wapi?"

Pudre iliniingia puani na machoni. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nikashindwa.

Kisha akamgeukia paka, maana paka naye alikuwa msafiri na haikuwa haki kumbagua. Akammwagia. Paka alipiga kelele ambayo sijaisikia tena, akamparura mkono, akaruka juu ya bomba, juu ya ukuta, akatoweka upande wa pili, akiacha nyayo nyeupe juu ya matofali.

Tulimtafuta. Mimi nilitafuta upande wa sokoni, jirani upande wa kanisa, akiita kwa ile sauti yake ambayo ingemfukuza hata paka asiyeogopa. Watu walitoka kuangalia mwalimu aliyejaa pudre anachungulia mitaroni.

"Mama mwalimu, ulizala?"

"Natafuta paka."

"Ya namna gani?"

"Ya majivu. Lakini leo iko mweupe."

Walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akaniambia alimwona paka mweupe kwenye bati la kinu cha unga. Kinuni kila kitu ni cheupe. Nilizunguka kinu kile, nikaita, nikatazama juu, nikatazama chini ya magari. Jua lilikuwa limeshapanda. Gari la kutupeleka Luano, kwenye uwanja wa ndege, lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi.

Nilirudi kwenye lupango nikaketi chini, mgongo ukutani, na nguo zangu za safari. Yale yote ya kitunga, chupa ya barafu, vichwa vya ndakala, kwenda na kurudi, yalinikalia mabegani kwa pamoja.

"Mama," nilisema, "tumuache. Alisema nimuache."

Jirani alisimama kando, mkono unatoka damu kidogo. 

 Mama alichukua makaa akawasha mbabula. Akaweka sufuria, akaweka maji. Vyombo vyetu vyote vilikuwa vimefungwa au vimegawiwa. Sufuria ile ilibaki kwa sababu angeenda nayo Kambove. Akamimina unga uliosalia akaanza kusonga bukari ambayo hakuna mtu aliyekuwa na njaa nayo. Dereva alipiga honi. Mama alisonga. Alisonga mpaka ikaiva, akaipakua yote kwenye sahani, akasubiri sufuria ishike ukoko. Kisha akaiinamisha akakwangua.

*Krr, krr.*

Hakuna kitu.

*Krr, krr, krr.*

Juu ya paa la jirani, nyuma ya jiwe lililokandamiza bati, kikatokea kichwa cheupe chenye sikio moja zima. Alishuka bila haraka, kwa ukuta, kwa pipa, kwa kigoda, akaja mbele ya Mama akaketi. Alikuwa na mistari ya pudre iliyokauka kwenye manyoya, kama bibi kizee aliyejipodoa gizani. Mama akampa ukoko. Alikula wote.

Lakini sanduku sasa lilikuwa na harufu ya sabuni, na kitambaa kilikuwa kimelowa na kutakata. Nilimsogeza karibu, akarudi kinyumenyume. Nilijaribu tena, akaanza kutazama ukuta.

Ndipo Mama alipofungua kitambaa chake cha kichwa. Kilikuwa cha jikoni, cha zamani, amekifunga kila alipopika tangu zile kambi za migodi, hata rangi yake haikusomeka tena. Asubuhi ile alikuwa amekivaa ndani ya mtandio wa msikitini, na mtandio aliuweka pembeni alipowasha moto, ukadondokewa na cheche, ukatoboka. Alikikunja hicho cha jikoni, akakitandika ndani ya sanduku, akakibonyeza kwa kiganja. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi mbele ya dereva na mbele ya lango lililofunguka, yeye ambaye sikuwahi kumwona akitoka hata mpaka bombani bila kufunika kichwa.

Paka alinusa. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingia wote, akageuka, akalala. Nikafunga mlango wa wavu.

Jirani hakusema samahani. Alifungua fulari yake mwenyewe, ile ya maua aliyoivaa kunisindikiza, akamzungushia Mama kichwani, akaifunga nyuma kwa uangalifu kama anavyofungwa bibi harusi. Yeye akabaki na mabutu ya nywele zake. Mama akamtazama mkono. "Ulete tutie dawa," akasema. Wakatia dawa, na dereva akasubiri.

Kule Luano, afisa wa kukagua mizigo alifungua mlango wa sanduku kidogo, akagusa manyoya, akanusa vidole.

"Citoyenne, hii ni nini? Unga?"

"Pudre, citoyen."

"Paka iko natoka maternité, alizala?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kwa sababu nilicheka hakuniuliza zaidi. Aliona muhuri wa daktari akatupitisha.

Mama aliniaga kwenye uzio, na fulari ya maua ya mtu mwingine kichwani. Alipenyeza vidole kwenye wavu wa sanduku, si kwa ajili yangu. Kisha akaniambia, "Usisukule ile kitambaa mpaka azobelee." Mpaka azoee, yaani. Sikumwuliza kama alisema paka au alisema mimi.

Kuhusu ndege sina mengi. Kinshasa palikuwa na joto na kungoja. Juu, paka alilia kisha akanyamaza, na mimi sikulala, nilikuwa nasikiliza kunyamaza kwake.

Asubuhi, kule, nilimwona mume wangu kabla hajaniona. Alikuwa amenenepa shingo. Alikuwa na koti jeusi refu, mikono mifukoni, kama watu wote waliosimama pale. Akaja, akanibusu mashavu kwa namna ya huko, akaniuliza kwa Kifaransa kama safari ilikuwa nzuri. Nilijibu kwa Kifaransa kwamba ilikuwa nzuri. Tulisimama. Watu walitupita na vigari vyao. Nilikuwa nimechoka hata nikawaza, kwa utulivu kabisa, kwamba huyu ni mtu mwema nisiyemjua, na nitajifunza kuishi naye.

Akaliona sanduku. Uso wake ukakunjamana kidogo. "Nilikuambia..." alianza, akaacha. Akachuchumaa, koti likagusa sakafu. Akaingiza kidole kwenye wavu. Paka alinusa kidole kile kwa muda mrefu. Sitasema alimkumbuka, nilifundisha watoto miaka mingi na sipendi kudanganya. Lakini alikisugua kidole kwa shavu lake, na mume wangu alipokitoa kilikuwa cheupe.

Akakitazama. Akakinusa. Akaniangalia mimi, akaangalia nywele zangu, ambazo nilidhani nimezikung'uta vizuri.

"Nani alibamwangia pudre?" aliuliza. Kwa Kiswahili chetu.

"Jirani."

"Kwani paka alizala?"

"Alisafiri."

Alicheka. Alicheka kama siku ile ya kofia, kwa tumbo, akiwa bado amechuchumaa, mpaka mama mmoja Mzungu akasogeza kigari chake pembeni. Na r ilikuwa imerudi mahali pake.

Tulipanda treni. Nilikusudia kumsimulia yote, barafu, kinu cha unga, kichwa cha Mama, lakini usingizi ulinichukua kabla treni haijaanza kwenda vizuri. Nilizinduka mara moja tu. Nje palikuwa na mashamba ya kijivu na mvua. Sanduku lilikuwa magotini mwake, amelikumbatia kwa mikono miwili, na koti lake jeusi lilikuwa limejaa pudre kifuani kote. Hakuwa amelikung'uta. Nikalala tena.